Picha kubwa za ukutani kwa nyumba ya kupanga Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wapangaji wa Mkomani, Langoni, Shela na hata Malindi, ambao wana ukuta mpana mtupu, pesa kidogo, na nyumba ambayo siku moja watairudisha kwa mwenyewe. Kila jibu linajitegemea. Pale linapohitaji jingine, utaelekezwa.

## Kabla ya kununua chochote

Picha "kubwa" ni kubwa kiasi gani?

Kadiria kwa kile kilicho chini yake, usikadirie kwa ukuta. Picha iliyo juu ya kochi au kitanda hukaa vizuri inapochukua baina ya thuluthi mbili na robo tatu ya upana wa hicho kilicho chini. Kochi la watu watatu lenye mita 2 linataka picha ya sentimita 130 hadi 150. Kitanda cha futi 5 kinatosheka na mita 1 hivi.

Nyumba za kale za Lamu zina jambo lao. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mkoko zinazobeba dari hazifiki mbali, hivyo upana wa chumba huwa mita 2 na nusu hadi 3, basi. Ukisimama mbele ya ukuta mrefu huna nafasi ya kurudi nyuma ukaitazama picha yote. Ile kubwa kuliko zote iweke kwenye ukuta mfupi wa mwisho wa chumba, unaoonekana tangu mlangoni. Ukuta mrefu upe picha pana iliyo fupi kwa kimo, au mbili zinazofuatana, ambazo mtu huzitazama akipita.

Je, ni lazima nijue kuchora?

La. Leso, mkeka na kiolezo (umbo lililokatwa kwenye kadi la kupakia rangi) havihitaji mkono wa mchoraji. Vinahitaji vipimo sahihi na subira. Ukitaka kuchora nawe hujiamini, soma swali la kukuza mchoro mdogo.

Itanigharimu kiasi gani?

Bei hupanda na kushuka, na Lamu huongezeka nauli ya mashua, kwa hiyo hesabu vipimo kwanza, kisha uende dukani ukaulize. Kwa picha ya sentimita 150 kwa 110 unahitaji, kwa kiunzi cha kuvutia kitambaa, mbao ya inchi 2 kwa 1 yenye jumla ya futi 21 hivi, ukihesabu pande nne na mbao moja ya kati. Nunua futi 22 ili msumeno usikupunje. Ongeza kitambaa, gundi ya mbao, misumari na pini. Ukiwa unapaka rangi, theluthi moja ya lita ya rangi ya maji inatosha kwa mikono miwili, yaani kupaka mara mbili.

Mbao ndiyo inayokula pesa. Ndiyo maana mkeka, ambao hauhitaji kiunzi, ni rahisi kuliko vyote. Leso nazo huuzwa mbili mbili, basi kwa bei ya doti moja unapata picha mbili, au unagawana na jirani. Rangi usinunue kopo zima: mafundi wanaomaliza kazi mtaani huwa na mabaki, na mabaki ya makopo matatu yanatosha.

Nahitaji ruhusa ya mwenye nyumba?

Kwa kitu kinachoegemea ukuta au kinachosimama chenyewe, hapana. Kwa chochote kinachotoboa ukuta, kinachogusa boriti au kinachobadilisha rangi, ndiyo, na iwe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu. Kabla ya kuanza piga picha ukuta ulivyo, nyufa na madoa yote, uzitume kwake siku hiyohiyo. Hapo hakuna atakayebishana nawe kuhusu dipoziti.

Ukiwa ndani ya Mji wa Kale kuna uzito zaidi. Mji huo uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na nyumba zake zinalindwa kisheria. Mapambo ya chokaa yaliyochongwa ukutani yana umri mkubwa kuliko mkataba wowote wa kupanga. Usiyatoboe hata ukiruhusiwa.

## Ukuta

Kwa nini msumari haushiki kwenye ukuta wangu?

Kwa sababu ukuta wa kale wa Lamu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na juu yake kuna plasta ya chokaa. Vyote viwili ni laini. Ukipiga nyundo, jiwe husagika kuzunguka msumari na plasta hubanduka vipande. Hata ukishika leo, hewa ya bahari huuingiza kutu, kutu huvimba, na ufa hutokea palepale. Msumari mkubwa zaidi huongeza kidonda tu.

Basi nitundike vipi bila kutoboa?

Anza kwa kutazama juu. Nyumba nyingi za kale zina ndoana za chuma kwenye boriti zilizotundikiwa taa zamani, au vigingi vya mbao vilivyochomoza ukutani. Kutundika vitambaa ukutani ni desturi ya kale ya pwani hii: hata kwenye magofu ya Gedi, karibu na Malindi, kuta zina matundu ya vigingi yanayoelezwa kuwa ya kutundikia mazulia. Kigingi kilichopo ni chako kukitumia. Kivute kwanza kwa mkono uone kama kimekaa imara.

Pasipo ndoana, angalia kama kuna upenyo kati ya boriti na mawe yaliyo juu yake. Ukiwepo, na mwenye nyumba akiruhusu, pitisha mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mnene, uufunge uzunguke boriti. Mshipi huu unapatikana kila duka la wavuvi, hauozi kwa unyevu, na ukiwa mbali hauonekani. Kiunzi cha mbao chenye kitambaa, cha sentimita 150 kwa 110, kina uzito wa kilo 4 hivi, na mishipi miwili, kila mmoja ukiwa umekunjwa mara mbili, inakibeba bila taabu. Nailoni hulegea kidogo siku za mwanzo. Funga fundo linalofungulika ili uisawazishe tena. Kwenye ghorofa ya juu iliyoezekwa makuti kazi ni rahisi zaidi, maana miti iko wazi.

Njia ya tatu ni kuegemeza. Picha ndefu iliyosimama juu ya sanduku la kale, juu ya meza ndefu au hata chini sakafuni inapendeza sana, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi vyumba vya Lamu. Iweke iiname kidogo, ubandike vipande vya mpira wa ndara kuukuu chini ya kiunzi ili kisiteleze, na viwili nyuma pembe za juu ili mbao isikwaruze chokaa.

Njia ya nne inafaa kwa vitambaa na mikeka: simamisha miti miwili iliyonyooka ndani ya ndoo au mitungi iliyojazwa mchanga mkavu, uweke mti wa tatu juu kwa kulala, ufunge kwa kamba, kisha utundike hapo. Ukuta haujaguswa hata kwa kidole. Fito za mkoko zinafaa, lakini zinunue kwa wauzaji wenye kibali. Mikoko haikatwi ovyo.

Je, ndoana za kubandika kwa gundi?

Kwenye chokaa, usipoteze pesa. Ukipitisha kiganja ukutani kikatoka cheupe, gundi itashika ule unga, haitashika ukuta. Zinafaa kwenye vigae, kioo, na mbao zilizopakwa rangi ya mafuta.

Nyumba yangu ni ya matofali ya saruji. Mambo yaleyale?

Hapana, hapo umepata nafuu. Nyumba nyingi mpya za Malindi, na za Lamu nje ya Mji wa Kale, zina plasta ya saruji inayoshika vizuri. Ukiruhusiwa, matundu mawili madogo ya drili yenye plagi na skrubu yanashinda misumari kumi. Siku ya kuhama, ziba kwa plasta ya kuzibia, piga msasa, paka rangi ileile. Omba jina na namba ya rangi kwa mwenye nyumba siku unayoingia, maana siku ya kutoka hakuna atakayeikumbuka.

Nitundike kwa kimo gani?

Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kwa chumba ambacho watu husimama na kupita. Juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 20 tu kati ya mgongo wa kochi na ukingo wa chini wa picha.

Ila nyumba nyingi zetu watu hukaa chini, juu ya mkeka au magodoro. Hapo macho yako chini, na picha lazima ishuke nayo: katikati yake iwe mita 1 hivi. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuinua picha mpaka karibu na dari, ikawa mgeni aliyeketi anaona ukingo wa chini na mbao.

Ukuta wangu una zidaka (vishubaka vilivyojengwa ukutani). Nizifunike?

Usizifunike. Zidaka zilijengwa ziwe pambo, na picha itakayoshindana nazo itashindwa. Tundika ukuta unaozielekea, na ndani ya zidaka weka vitu vichache vyenye rangi mojawapo ya zile zilizo kwenye picha.

## Kiunzi, leso, tanga na mkeka

Nitengenezeje kiunzi kisichopinda?

Chagua mbao kavu. Iinue kwenye jicho uitazame kwa urefu. Ikiwa imejipinda dukani, nyumbani itajipinda zaidi. Kata pande nne, ziunganishe kwa gundi ya mbao na misumari miwili kila pembe, kisha pigilia kipande cha plaiwudi cha pembe tatu nyuma ya kila pembe. Kipande hicho kidogo ndicho kinachozuia kiunzi kwenda mshazari. Kikizidi mita 1, weka mbao ya kati.

Kabla gundi haijakauka, pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari, mara mbili. Vipimo viwili vikilingana, kiunzi kiko sawa. Kwa kile cha 150 kwa 110, kila mshazari uwe sentimita 186. Visipolingana, sukuma pembe yenye kipimo kirefu mpaka vilingane. Mwisho, piga msasa kingo za mbele ziwe duara kidogo. Ukingo mkali hukata kitambaa baada ya miezi.

Seremala akikufanyia, mpe vipimo vilivyoandikwa na umwambie ni kiunzi cha kuvutia kitambaa. Ukisema "fremu" tu atakutengenezea ya kioo, nzito na ghali.

Nikivuta leso kwenye kiunzi, pindo linakunjwa nyuma. Nifanyeje?

Swali hili ni la muhimu, kwa sababu leso bila pindo imepoteza nusu ya uzuri wake. Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Imechorwa ionekane yote kwa pamoja.

Nenda kwa fundi cherehani, akushonee ukanda wa kitambaa cha kawaida, wa sentimita 10, kuzunguka pande zote nne za leso. Ukanda huo ndio utakaokunjwa na kupigwa pini nyuma, na pindo litabaki mbele lote. Tengeneza kiunzi kulingana na leso yako ilivyo baada ya kufuliwa na kupigwa pasi, maana leso mpya hupungua, na hata mbili za doti moja zinaweza kutofautiana kidogo.

Kuvuta kuna mpangilio wake. Piga pini moja katikati ya upande wa juu, vuta, piga moja katikati ya chini, kisha kulia, kisha kushoto. Halafu songa kutoka katikati kwenda pembeni, pini moja huku na moja kule. Anayeanzia pembeni hupata mikunjo isiyoondoka. Jina likiwa limepinda, toa pini usahihishe kabla hujaendelea, kwa sababu jicho la msomaji halisamehe mstari wa maneno uliokwenda upande. Stepla kubwa ya mafundi makochi inarahisisha kazi. Pasipo hiyo, misumari midogo ya nusu inchi inatosha.

Nichague leso gani?

Chagua kwanza jina, rangi baadaye. Maneno yale yatasomwa na kila anayeingia, kwa miaka. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ni makaribisho mazuri sebuleni. "Hasidi hana sababu" ni neno la kweli, lakini jirani yako akiliona limewekwa kiunzi juu ya kochi atajiuliza kama ni yeye aliyekusudiwa, na leso zimeanzisha mafarakano mengi kwa njia hiyohiyo. Ukimpa mtu picha ya leso kama zawadi, soma jina mara mbili.

Kwa rangi, mji mkubwa wenye umbo moja wazi huonekana vizuri kwa mbali kuliko vidoto vidogo vilivyojaa kote.

Tanga kuukuu la jahazi linafaa?

Linafaa mno. Tanga la pamba lililotumika lina viraka, mishono ya mkono na rangi ya jua ambayo hakuna kiwanda kitakachokupa. Ulizia kwa manahodha, au Matondoni, kijiji kinachojulikana kwa ujenzi wa majahazi. Kipande kilichochanika kisichofaa tena baharini huwa si ghali.

Kabla ya kukiingiza ndani, kiloweke kwa maji matamu, ubadilishe maji mara kadhaa, ukianike kikauke kabisa. Chumvi iliyobaki kwenye nyuzi huvuta unyevu wa hewa, na tanga lenye chumvi litakuwa na ubaridi na harufu kila masika. Maji ya kisima yenye chumvi hayasaidii. Tumia ya mvua kama unayo.

Wengine hulipaka rangi. Mimi hupenda liachwe lilivyo, viraka vikionekana.

Na mkeka?

Mkeka mpana uliosukwa kwa miyaa yenye rangi ni picha tayari. Shona ukingo wa juu kwenye fito kwa uzi mnene, kila baada ya sentimita 10, ili uzito ugawanyike. Ukitundika kwa pembe mbili tu, katikati italegea na mishono kati ya ukili na ukili, yaani zile kanda zilizosukwa, itaachana. Weka fito nyingine chini ili unyooke. Mkeka uliokunjwa muda mrefu utandaze sakafuni siku mbili tatu, ukiunyunyizia maji kidogo, kabla ya kuutundika.

Jamvi jeusi jeusi la kuanikia nafaka usilidharau. Kwenye ukuta mweupe linapendeza.

## Rangi na michoro

Nitumie rangi gani kwenye kitambaa?

Rangi ya maji, ileile ya ukutani. Ikikauka hubaki na ulaini, kitambaa kikitikisika haipasuki. Kama marikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, ni mpya, uifue kwanza. Ivute kwenye kiunzi, paka mkono wa kwanza wa nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, iache ikauke, paka wa pili bila maji. Sasa una uwanja wa kuchorea. Rangi ya mafuta usiipake moja kwa moja kwenye pamba tupu: mafuta huozesha nyuzi taratibu, na baada ya miaka kitambaa hukatika kama karatasi kavu.

Rangi tatu zinatosha. Nyeupe ya chokaa, bluu ya bahari na kahawia ya boriti zinapatana na nyumba yoyote ya hapa.

Nina mchoro mdogo. Nitaukuzaje bila kuuharibu?

Kwa miraba. Chora mchoro wako ndani ya nafasi ya sentimita 28 kwa 20, uigawe miraba ya sentimita 4: utapata 7 kwa upana na 5 kwa kimo, jumla 35. Kitambaa cha sentimita 140 kwa 100 kigawe miraba ya sentimita 20, nayo itakuwa 35 vilevile. Ipe namba. Sasa nakili mraba mmoja mmoja kwa chaki, ukiangalia tu mstari unaingilia wapi na kutokea wapi. Usifikirie "huu ni mlango" au "hili ni jahazi". Fuata mistari. Ukimaliza, rudi nyuma utazame, sahihisha, ndipo upake rangi. Chaki hufutika kwa kitambaa kikavu.

Nataka nakshi za Lamu. Nianzie wapi?

Anzia mtaani. Milango iliyochongwa, plasta ya zidaka, kingo za viti vya enzi, kofia zilizoshonwa kwa mkono: zote zina umbo dogo linalorudiwa. Tembea na daftari, chagua umbo moja tu. Piga picha mlango wa mtu baada ya kumwomba.

Lichore umbo hilo kwenye kadi ngumu, au bora zaidi kwenye filamu kuukuu ya eksirei, isiyolowa wala kukunjika, ulikate kwa wembe. Hicho ndicho kiolezo chako. Kibandike kwa utepe kwenye hadibodi au kitambaa, paka kwa sponji iliyokaribia kukauka, ukigonga bila kusugua. Sponji yenye rangi nyingi huvuja chini ya kiolezo, na ukingo ndio unaofanya nakshi iwe nakshi. Anzia katikati ya picha, uende pande zote, ili vipande vilivyokatika viwe sawa kingoni.

Umbo la sentimita 5 la kofia, likikuzwa likawa sentimita 50 na kurudiwa mara sita, linageuka kitu kipya kabisa. Kwa maoni yangu hakuna picha ya bei ndogo inayokishinda hicho.

Naweza kukuza picha niliyopiga kwa simu?

Ndiyo, kwa masharti. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha ya nukta 4,000 kwa 3,000. Ukichapa kwa nukta 100 kwa kila inchi unapata takriban mita 1 kwa sentimita 75, na mtu aliye mita 2 mbali haoni kasoro. Ipeleke kwa mchapishaji kama faili nzima. Ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa nukta, basi itume kama hati.

Wanaochapa mabango huchapa kwenye turubai ya plastiki kwa bei nafuu, na turubai hiyo haiogopi unyevu, lakini hung'aa ikipigwa na mwanga. Omba isiyong'aa. Njia ya saiba (duka la intaneti) ni kugawa picha kwenye karatasi 16 za A4, nne kwa nne: zikiunganishwa zinatoa sentimita 84 kwa 119. Zibandike kwenye hadibodi, kamwe si ukutani.

Kwa nini nisichore moja kwa moja ukutani?

Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiupaka rangi ya mafuta umeuziba, unyevu hutafuta njia, na rangi hutoka magamba pamoja na plasta. Utakuwa umemharibia mwenye nyumba kitu asichoweza kukirudisha kwa galoni moja ya nyeupe. Ukuta wa saruji unavumilia zaidi, lakini kwa ruhusa tu.

## Hewa ya bahari

Nyuma ya picha pameota ukungu. Nifanyeje?

Ishushe, ianike kivulini penye upepo, ipanguse kwa brashi kavu ukiwa nje. Tatizo ni hewa kukwama. Bandika vipande vya mbao vya sentimita 2 nyuma ya kila pembe ili hewa ipite. Wakati wa masika, Aprili hadi Juni, ishushe mara kwa mara utazame. Sehemu ya chini ya ukuta yenye madoa ya chumvi usitundike kitu kabisa, na unayeegemeza picha sakafuni iinue juu ya vibao viwili.

Rangi zinafifia.

Jua la moja kwa moja hufifisha leso haraka. Ukuta unaoelekea ua wa wazi si mahali pake. Ukuta huo upe tanga au mkeka wa rangi ya asili. Wenye leso mbili za doti huzibadilisha: moja ukutani, nyingine kabatini.

Misumari na pini zinaingia kutu.

Nunua misumari iliyopakwa zinki, na waya wa shaba au mshipi badala ya waya wa chuma. Pini za kawaida zipake vanishi kidogo nyuma ya kiunzi.

## Maswali ya pembeni

Nyumba yetu ni ya sala. Picha za watu na wanyama?

Familia nyingi hapa hazitundiki picha za viumbe wenye roho, hasa chumba kinachosaliwa, na ukiwa umepanga chumba ndani ya nyumba ya familia, heshimu hilo bila kungoja kuambiwa. Nakshi, mimea, majahazi na maandishi vinatosha kujaza kuta za maisha. Hata pambo lililoruhusiwa usiliweke upande wa kibla mbele ya msala. Hushughulisha macho.

Ukiandika aya, muombe mwalimu wa madrasa aisome kabla hujapaka wino wa mwisho, kwa sababu nukta moja hubadilisha neno. Itundike juu, mbali na choo, na isiwe mahali miguu inaponyooshwa kitandani.

Picha imekamilika, haipandi ngazi.

Pima ngazi kabla ya kiunzi. Ngazi nyingi za Mji wa Kale ni nyembamba na zina kona. Kinachozidi mita 1 na nusu kigawe viunzi viwili vitakavyotundikwa vikipakana, mchoro ukiendelea kutoka kimoja hadi kingine. Kama kiunzi kimeshakwama, toa pini, kunja kitambaa kwenye bomba la plastiki, fungua pembe, ukaunge tena juu.

Ninahama kwa mashua. Nitaisafirishaje?

Kwa jinsi hiyohiyo. Kitambaa kizungushe kwenye bomba, upande wenye rangi ukiwa nje ili usipasuke, kifunge kwa nailoni pande zote mbili. Mbao zifunge pamoja kama kuni na uziandike namba. Mzigo wa aina hiyo hamali anaubeba begani hadi jeti, na hata Mokowe, upande wa bara, ukiingia kwenye basi hauna tatizo. Nenda asubuhi, bahari ikiwa imetulia.

Mwenye nyumba ameipenda, anataka ibaki.

Ni mali yako, isipokuwa umeifunga ukutani kwa namna ambayo kuiondoa kutauharibu. Mkikubaliana bei, ikatwe kwenye kodi ya mwezi wa mwisho na iandikwe kwenye risiti.